Hadithi za Upelelezi na Mitaa ya Eastlands

Msomaji, kama umepata kupita mbele ya wauzaji wa vitabu vikuukuu wanaovitandaza kando ya barabara za Nairobi, bila shaka umeona kwamba vile vilivyochakaa zaidi, ambavyo majalada yake yamebanduka na pembe za kurasa zake zimekunjwakunjwa, aghalabu ni vitabu vya mauaji, wizi na upelelezi. Uchakavu huo ni ushahidi wa kutosha kwamba vimepita katika mikono mingi. Mwalimu humnyang'anya mwanafunzi kitabu cha namna hiyo darasani, kisha huenda akakimaliza mwenyewe usiku nyumbani kwake. Walio wengi hudhani kwamba vitabu hivi ni vya kupotezea wakati tu. Mimi sioni hivyo. Nataka tutazame pamoja kanuni za hadithi hizi, asili yake, na sababu iliyozifanya zichukue sura nyingine kabisa zilipofika katika mitaa ya mashariki ya Nairobi iitwayo Eastlands, yaani Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati, Mbotela, Jericho, Eastleigh, Mathare na mingineyo.

Mtindo wenyewe si wa kale sana. Habari za wauaji na wezi zimesimuliwa tangu zamani, lakini hadithi ambayo shujaa wake ni mtu wa kufikiri, na ambayo mwisho wake si vita wala harusi bali ni maelezo, ilianza mwaka 1841. Mwaka huo Mmarekani Edgar Allan Poe alichapisha hadithi ya mama na binti yake waliouawa mjini Paris ndani ya chumba kilichofungwa. Mpelelezi wake, Dupin, hakuwa askari. Alikuwa mtu wa kawaida aliyesoma habari katika magazeti, akaenda kupatazama mahali penyewe, akaeleza lililowashinda askari wote. Mwaka 1887 daktari mmoja wa Uingereza, Arthur Conan Doyle, alimleta Sherlock Holmes pamoja na rafiki yake Watson. Na mwaka 1920 Agatha Christie, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi ya dawa hospitalini na hivyo akazijua sumu vizuri, alimleta Mbelgiji Hercule Poirot. Kutoka hapo vitabu vya namna hii vikawa kama mvua ya masika.

Mchezo ukishachezwa na wengi hutungiwa sheria. Mwaka 1929 padri mmoja wa Kikatoliki huko Uingereza, Ronald Knox, ambaye naye aliandika hadithi hizi, alitoa amri 10 za kuwaongoza watungaji. Aliagiza kwamba mhalifu awe ametajwa mapema katika hadithi, asije akazuliwa mwishoni kama mgeni asiyealikwa. Mizimu na mashetani wasitumiwe kutatua jambo. Mpelelezi asiwe yeye mwenyewe ndiye mhalifu. Kila dalili anayoiona mpelelezi aonyeshwe na msomaji papo hapo. Tena rafiki wa mpelelezi, yule anayemfuata na kustaajabu, awe na akili iliyopungua kidogo akili ya msomaji; nadhani amri hiyo ilitungwa kwa kujali fahari ya wasomaji kuliko kwa haja yoyote ya sanaa. Waandishi wakubwa wamezivunja amri hizi mara nyingi. Christie alivunja kanuni moja kubwa mwaka 1926, akasifiwa na kulaumiwa kwa kitabu kimoja, wala sitakuambia namna alivyoivunja, kwa kuwa huenda hujakisoma.

Sisi tuliolelewa katika Kiswahili hatuna sababu ya kuuona mtindo huu kuwa mgeni. Mtu husema, "Kitendawili!" na wenzake hujibu, "Tega!" Kwa neno hilo moja wamefanya mapatano: mtegaji atatoa maelezo ya kweli ijapokuwa yamefichwa, nao watajitahidi kufumbua; wakishindwa watampa mji, naye atawajibu. Hakuna amchukiaye mtegaji kwa kushindwa. Kinyume chake, jibu linalostaajabisha lakini likaonekana kwamba lilikuwa mbele ya macho tangu mwanzo ndilo linalosifiwa. Hadithi ya upelelezi ni kitendawili kilichonyoshwa mpaka kikafika kurasa 200, na msomaji huutoa mji wake kwa furaha.

Lakini kuna kanuni moja ambayo Knox hakuiandika, labda kwa sababu kwake ilikuwa dhahiri mno. Katika sura ya mwisho watu wote wanaoshukiwa hukusanywa chumbani. Mpelelezi husimama mbele yao akaeleza hatua kwa hatua jinsi alivyojua: saa iliyosimama, tope kwenye kiatu, barua isiyomalizika. Hamtaji mtu bila kutoa sababu. Anayetajwa yupo, anasikia, aweza kukanusha. Msomaji aliyekaa kitini pake huona raha kubwa, nayo hutokana na imani kwamba ukweli ukielezwa vizuri mbele ya watu utakubaliwa, na mwenye hatia atashikwa, na wasio na hatia watarudi kwao kula chakula cha jioni. Ondoa imani hiyo, na chumba kizima huporomoka. Swali langu, basi, ni hili: ni nini kilichotokea mtindo huu ulipowafikia watu ambao maisha yao hayakuwapa imani hiyo?

Tuitazame Nairobi. Mji ulianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Mapema katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliitenga Pumwani iwe mahali pa Waafrika, na mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji cha kale cha Pangani kilivunjwa, na Shauri Moyo ikajengwa kwa ajili ya waliohamishwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili mitaa mingine ilifuata. Katika hesabu ya wakubwa wa wakati huo, Mwafrika mjini alikuwa mgeni wa muda, aliyekuja kufanya kazi na ambaye siku moja angerudi alikotoka. Kwa hiyo wengi walipewa nafasi ya kitanda tu, si nyumba. Na ili kumjua mgeni huyo, serikali ilimpa kipande.

Hapa historia ya upelelezi na historia ya Kenya zinakutana kwa namna ambayo vitabu vya Uingereza havikuitaja. Msomaji anajua jinsi alama za vidole zinavyosifiwa katika hadithi hizi. Namna ya kuzipanga alama hizo ili ziweze kutafutwa upesi ilibuniwa Bengal, India, katika miaka ya 1890, na Mwingereza Edward Henry pamoja na Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ingawa kwa muda mrefu jina lililovuma lilikuwa la Henry peke yake. Mwaka 1901 Scotland Yard ya London ilifungua ofisi ya alama za vidole kwa kufuata namna hiyo. Huko zilichukuliwa alama za watu waliokamatwa kwa makosa. Kenya, tangu yapata mwaka 1920, mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alilazimishwa kuwa na kipande chenye alama za vidole vyake, akakivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Hakuwa ameshitakiwa kwa lolote. Kwa Holmes alama ya kidole ni kitu cha kumtenga mtu mmoja kutoka katika maelfu. Kwa mkazi wa Pumwani ilikuwa alama iliyotangulia kosa. Conan Doyle mwenyewe aliona hatari ya jambo hilo, maana mwaka 1903 alitoa hadithi ambamo alama ya dole gumba ukutani inamtia matatani mtu asiye na kosa, na Holmes akathibitisha kwamba imepachikwa kwa hila. Mwenye kipande hakuwa na Holmes wa kumtetea.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, mwezi Oktoba mwaka 1952. Tarehe 26 Novemba mwaka huo Tom Mbotela, aliyekuwa kiongozi katika chama cha KAU na mpinzani wa njia ya Mau Mau, aliuawa usiku karibu na soko la Burma. Yeye alikuwa wa ukoo wa Mbotela wa Freretown, Mombasa, ukoo uliotupa James Mbotela, mwandishi wa kitabu *Uhuru wa Watumwa*. Haukupita muda, soko la Burma likateketea kwa moto. Mwaka uliofuata Ambrose Ofafa, diwani wa mji, naye aliuawa. Mitaa miwili iliyojengwa baadaye ilipewa majina yao. Fikiri, msomaji: maelfu ya watoto wa Nairobi wametaja Mbotela na Ofafa kila siku walipoulizwa wanakaa wapi, na wengi wao hawakuwa na habari kwamba walikuwa wakitaja majina ya watu waliouawa. Maiti ambayo katika riwaya hupatikana katika sura ya kwanza, hapa imeandikwa kwenye kibao cha njia.

Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi na polisi waliizunguka Nairobi alfajiri katika msako ulioitwa Operesheni Anvil. Mtaa baada ya mtaa watu walitolewa nyumbani, wakapangwa mistari. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wengine, wakapelekwa kuchujwa. Katika uchujaji huo alitumiwa mtu aliyeitwa gakunia. Huyu alifunikwa gunia mwili mzima, likiwa na matundu mawili ya macho, ili asitambulike. Watu walipitishwa mbele yake mmoja mmoja. Hakusema neno. Akitikisa kichwa kwa namna fulani, mtu aliondolewa mstarini na kupelekwa kizuizini, Manyani au Mackinnon Road, bila kuambiwa ni nani aliyemtaja wala kwa sababu gani. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa kwa msako ule.

Nakuomba uiweke picha hiyo kando ya ile sura ya mwisho ya riwaya. Huku na huku watu wamekusanywa, na huku na huku yuko mmoja anayejua, au anayedhaniwa kujua, na wote wanamngoja. Lakini yule wa riwaya uso wake unaonekana na kazi yake yote ni kutoa sababu. Huyu wa Anvil amefunikwa uso na hatoi sababu yoyote. Huenda baadhi ya waliotajwa na gakunia walikuwa wametenda waliyoshukiwa kutenda. Huenda wengine walitajwa kwa sababu ya deni, au wivu, au kosa la macho katika mwanga hafifu. Hapakuwa na njia ya kupambanua, na hilo ndilo jambo lililobaki mioyoni mwa watu. Mtoto wa Bahati au Kariokor aliyeona baba yake akienda kwa namna ile, alipopewa shuleni kitabu cha Sherlock Holmes, alisoma habari za nchi ya mbali sana.

Ajabu ni kwamba ilikuwa ni ofisi yenye makao makuu Nairobi, East African Literature Bureau, iliyompa Mswahili mpelelezi wake wa kwanza maarufu, miaka michache tu baada ya Anvil. Ofisi hiyo ilifanya mashindano ya kuandika hadithi katika mwaka wa 1957 na 1958, na mshindi alikuwa Muhammad Said Abdulla wa Unguja. Kitabu chake, *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichapishwa mwaka 1960. Abdulla alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika idara ya afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, na mara nyingine hufikiri kwamba kazi ya bwana afya, ya kuingia nyumba za watu na kuuliza maradhi yametoka wapi, ni chuo kizuri cha upelelezi. Shujaa wake, Bwana Msa, anavuta kiko kama Holmes, na ana rafiki yake Najum kama Holmes alivyokuwa na Watson. Watu wanasema mauaji ni kazi ya mzimu. Bwana Msa hasadiki, anamtafuta mwanadamu. Padri Knox angalifurahi.

Lakini angalia vizuri Bwana Msa ni nani. Si askari. Inspekta Seif yupo, anaheshimiwa, ila anayefumbua ni huyu raia, mtu mwenye adabu, anayeijua jamii yake, ukoo wake na siri zake, ambaye watu humfungulia mlango na kumkaribisha kahawa. Mafumbo yake mengi hayahusu fedha. Yanahusu nasaba, nani ni mtoto wa nani, nani alimwoa nani kwa siri. Hayo ni maswali ya kisiwa ambacho watu wake wamejuana vizazi kwa vizazi. Uhuru ulipopatikana Tanganyika, mtindo uligeuka kidogo: mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa *Simu ya Kifo*, na mpelelezi wake, Inspekta Wingo, ni polisi kamili wa Dar es Salaam. Taifa jipya lilikuwa tayari kumwamini askari wake, au angalau lilitaka kumwamini.

Eastlands haikutoa Bwana Msa wala Wingo. Iwapo mtu angalijaribu kumtunga huko, angalikutana na shida mara moja. Katika mtaa ambao mpangaji wa chumba cha pili amehamia wiki iliyopita kutoka mkoa mwingine, hakuna mzee anayejua nasaba za wote. Na katika mtaa ambao mlango ukigongwa usiku kwa nguvu watu hunyamaza, askari hawezi kuwa mgeni anayekaribishwa kahawa. Kwa hiyo waandishi wa Nairobi waliianza hadithi kutoka upande wa pili. Mwaka 1971 Charles Mangua alitoa *Son of a Woman*; msimulizi wake, Dodge Kiunyu, ni mtoto wa malaya aliyekulia Eastleigh, akasoma, akapata kazi ya serikali, akaiba, akafungwa, na anayaeleza yote kwa kicheko. Mwaka 1973 Meja Mwangi alitoa *Kill Me Quick*, habari za Meja na Maina, vijana wawili waliokuja mjini na vyeti vyao vya shule, wakakosa kazi, wakala vya jalalani, na mwisho wakajikuta gerezani. Hakuna fumbo katika kitabu hicho. Tangu mwanzo twajua nani ametenda nini. Twangoja tu kuona atakavyofikishwa hapo.

Aliyevuma kuliko wote ni John Kiriamiti. Alifungwa mwaka 1971 kwa unyang'anyi, akapewa kifungo cha miaka 20 na viboko, akatoka mwaka 1984; na mwaka huohuo kitabu alichokiandika akiwa gerezani, *My Life in Crime*, kilitolewa Nairobi. Vijana walikisoma hadi kikaraka. Msimulizi wake, Jack Zollo, anaanza kwa kuiba mifukoni na kuendelea mpaka kwenye mabenki. Kwa kulinganisha, Mmarekani Chester Himes alihukumiwa mwaka 1928 kifungo cha miaka 20 hadi 25 kwa unyang'anyi, akaanza kuandika akiwa gerezani Ohio, na baadaye akawatunga wapelelezi wawili weusi wa Harlem, ambao walimpatia tuzo ya riwaya za upelelezi Ufaransa mwaka 1958. Himes alipotoka alimtunga mpelelezi. Kiriamiti hakufanya hivyo. Hata wapelelezi wa Himes ni wakali wanaopiga watu hovyo, na wakazi wa Harlem huwaogopa. Nadhani Himes aliona ugumu uleule ambao mwandishi yeyote wa Eastlands angaliuona.

Wazazi na walimu wengi walikilaumu kitabu cha Kiriamiti kwamba chafundisha wizi. Kwa maoni yangu lawama hiyo haikupiga palipo na kasoro. Kitabu hakifichi pingu, kipigo wala miaka iliyopotea. Kasoro yake ni nyingine: anayeibiwa hana jina. Karani wa benki anayelazwa kifudifudi sakafuni huingia katika sentensi moja na kutoka katika ya pili, na hatujui alifikaje nyumbani jioni ile wala kama alilala. Mtu akijisimulia mwenyewe huona njia yake tu. Kiriamiti mwenyewe, bila shaka alihisi upungufu wa namna hiyo, kwa kuwa mwaka 1989 alitoa kitabu kingine ambamo habari zilezile zinasimuliwa na mwanamke, Milly, aliyempenda mtu asijue kazi yake. Si mwibiwa bado, lakini ni mtu aliyeumizwa na uhalifu ambao hakuutenda, naye amepewa nafasi ya kusema.

Katika miaka hiyohiyo Nairobi ilikuwa na mpelelezi wa masimulizi ya mdomo. Patrick Shaw, Mzungu mwenye mwili mkubwa mno, alikuwa mfanyakazi wa shule ya Starehe na pia polisi wa akiba. Usiku alizunguka mjini kwa gari akiwasaka wanyang'anyi, mpaka alipofariki mwaka 1988. Habari zake zilikuzwa midomoni mwa watu: yuko mahali pawili kwa wakati mmoja, halali, anajua jina la kila mwizi. Wengine walimsifu, wengine walimwogopa kama kifo. Katika masimulizi hayo hutasikia kamwe habari ya Shaw akieleza dalili mbele ya watu waliokusanyika. Masimulizi huishia kwenye mlio wa bunduki.

Ngugi wa Thiong'o aliuchukua mtindo wenyewe wa upelelezi na kuugeuza ndani nje. *Petals of Blood*, cha mwaka 1977, chaanza kama Christie angalivyotaka: matajiri watatu wameungua moto hadi kufa, watu wanne wanashukiwa, na Inspekta Godfrey aja kuchunguza. Inspekta ni hodari, na mwisho anampata aliyewasha moto. Lakini kwa kurasa mia kadhaa msomaji amekuwa akionyeshwa jinsi matajiri hao walivyopata mali yao, nani aliponyang'anywa shamba na nani alisalitiwa, na juu ya hayo yote Inspekta hana faili. Kesi imefungwa kwa haki, na msomaji hatosheki hata kidogo.

Sitaki udhani kwamba haya ni ya vitabuni tu. Tom Mboya, aliyeanza maisha yake ya mjini kama bwana afya wa baraza la mji wa Nairobi, na baadaye akawa mbunge wa Kamukunji, alipigwa risasi mchana tarehe 5 Julai 1969. Mtu mmoja alishitakiwa, akapatikana na hatia, akanyongwa. Watu wakaendelea kuuliza ni nani aliyemtuma, nao hawakujibiwa. Mwezi Februari mwaka 1990 Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, Robert Ouko, aliuawa, na serikali ikaita wapelelezi kutoka Scotland Yard yenyewe, wakiongozwa na John Troon. Basi Holmes, kwa namna ya kusema, alikuja Kenya. Alihoji mashahidi, akaokota dalili, akaandika taarifa ndefu. Afisa mmoja wa utawala alishitakiwa na mahakama ikamwachilia. Hakuna aliyepatikana na hatia mpaka leo. Yaonekana kwamba ustadi wa kusoma dalili ulikuwapo. Kilichokosekana ni kile chumba cha sura ya mwisho, ambamo kila mtu, mkubwa kwa mdogo, hulazimika kuketi na kusikiliza.

Nimesema kwamba Eastlands haikutoa Bwana Msa wake. Pengine yafaa niongeze kwamba kazi yake haikukosa watu wa kuifanya. Mathare ni mtaa ambao kwa miaka mingi vijana wameuawa kwa risasi, na habari hutoka katika gazeti kwa mistari michache, kwamba jambazi ameuawa katika mapambano na polisi. Sheria ya mwaka 2011 iliunda mamlaka huru ya kusimamia polisi, lakini mamlaka haiwezi kuchunguza lisiloandikwa, na jirani aliyeona aghalabu huogopa kusema. Wakazi wachache walianzisha kituo, Mathare Social Justice Centre, na mwaka 2017 wakatoa taarifa ambayo jina lake ni swali la anayefuata ni nani. Walikwenda mlango kwa mlango. Waliandika jina la marehemu, umri wake, tarehe, mahali hasa alipoangukia, alikuwa akifanya nini, na aliyeshuhudia alikuwa amesimama wapi. Waliketi na akina mama ambao hapo kabla hakuna mtu aliyewauliza chochote. Wengine waliomba majina yao yasitajwe, na hayakutajwa. Wengine walitaka yaandikwe, tena kwa herufi zilizo sahihi.